Kisu cha Yubilei

"Shughuli nikiishika mimi haiharibiki," alisema Harrison Tsuma, huku akigonga tako la sufuria kwa kucha kama daktari anayepima kifua cha mgonjwa. "Uliza Diani nzima. Kila asubuhi nawalisha wazungu mia tatu, na hajatoka hata mmoja akinung'unika."

Majigambo hayo aliyatoa Ukunda, katika duka la kukodisha mahema, viti na sufuria, siku ambayo harusi zilikuwa nyingi na wateja wamejaa hadi barazani. Yeye alikuja kurudisha viti vya harusi ya binamu yake. Aliyekuwa akiambiwa ni msichana asiyemjua, kavaa dera la rangi ya embe, na kichwa chote kakiingiza ndani ya sufuria kubwa kutazama kama ina tundu. Kwa hiyo kitu cha kwanza Harrison kukipenda kwake kilikuwa sauti, nayo ilitoka mle ndani kama redio iliyofungiwa sandukuni.

"Unawapikia au unawapelekea sahani?"

"Eh?"

Kichwa kikatoka. Macho makubwa, kidoti cha masizi puani. "Hao wazungu mia tatu. Unawapikia, au unawapelekea sahani tu?"

Sasa hapo palikuwa na shida. Harrison alikuwa mhudumu wa mezani, na upishi wake wote ulikuwa ni kupanga vipande vya tango vizunguke sinia kama maua.

"Dada yangu, hotelini sote ni kitu kimoja. Huyu mkono wa kulia, huyu wa kushoto."

"Basi wewe ni mkono wa matango," akasema msichana, na duka zima likacheka, na mwenye duka akacheka kuliko wote.

Jina lake Kache, mwenyekiti wa kamati ya chakula ya usharika wa Kilutheri wa hapo mjini. Usharika ulikuwa unatimiza miaka thelathini. Yubilei yenyewe waliamua isiwe ya kwaya na hotuba peke yake: Jumamosi asubuhi watu wangejigawa, hawa wakazibue mtaro wa soko, hawa wakapake chokaa wodi ya kina mama kwenye zahanati. Majirani Waislamu walisema nao watakuja na majembe yao, maana maji machafu yakifurika hayaulizi mlango huu ni wa nani. Mchana wote wangekula pamoja uani kwa kanisa.

"Hata mimi ni Mlutheri," alisema Harrison haraka.

Si uongo. Alipata kipaimara kwao Kinango, na tangu siku hiyo hakukutana na kanisa ila kwenye mazishi. Lakini Jumapili iliyofuata alikuwa amekaa benchi la mbele, na iliyofuata tena alikuwa anayabeba mabenchi yenyewe. Mapenzi yakashika moto kwenye simu.

"Mkono wa matango, umelala?"

"Nitalala vipi na hujaniimbia?"

"Mimi kwaya walinitoa. Walisema nawapoteza njia."

"Basi nipoteze mimi, laazizi."

"Wewe ulipotea kabla sijakujua," Kache humjibu, akicheka kile kicheko chake cha kujizuia, mpaka Harrison alale na simu kifuani.

Baba yake Kache, Mduruma na Mkristo, alikufa Kache akiwa mdogo. Mama yake alikuwa mzaliwa wa Mvindeni, nyumba ya Kiislamu, na aliyemlea Kache ni mjomba wake, Mzee Alfani. Huyo ndiye angeulizwa siku ya posa. Huyo pia ndiye aliyekuwa akichinja mbuzi wa usharika kila Krismasi, kwa desturi ya huku: karamu ikiwa ya majirani wa dini mbili, kisu hushikwa na Muislamu, pasiwe na mtu wa kukaa kando ya sinia akimeza mate.

"Nimepita mlango kwa mlango," Kache alimwambia Harrison Ijumaa, siku moja kabla ya yubilei. "Nimewaambia mtakula kwa amani, kisu ni cha mjomba. Kazi yako ni moja tu. Saa moja asubuhi umchukue Mvindeni kwa tuktuk, umlete. Usinitie aibu, tafadhali."

"Aibu? Mimi? Kache, unazungumza na nani?"

Kilichomchelewesha ni vifungo. Kitenge cha yubilei kilikuwa cha zambarau chenye misalaba midogo myeupe; Kache kashona gauni, na Harrison, bila kumwambia, kapeleka chake kwa fundi ashonewe shati, ili siku hiyo wasimame pamoja wameoana kama pazia na mto wa kochi. Asubuhi shati lilikuwa tayari, ila vifungo bado. Akasema nitangoja kidogo. Fundi naye akasema ni dakika tu. Nyinyi mnazijua dakika za mafundi.

Alipofika Mvindeni jua limeshachoma mabati. Mke wa mzee alikuwa anafagia.

"Amekungoja, mwanangu, mpaka chai ikapoa. Akasema labda wamepata mtu mwingine. Kachukua sururu yake, kaenda kwenye mtaro na wenzake."

"Na simu yake, mama?"

"Ile pale, inachajiwa."

Harrison akarudi ndani ya tuktuk, na simu yake ikalia. Kache, kutoka zahanati, sauti imejaa mwangwi wa wodi tupu.

"Uko wapi, kipenzi?"

"Nipo hapa uani kwa kanisa."

"Mjomba kafika?"

Maneno yaliyotakiwa yalikuwa mawili: nimechelewa, sikumkuta. Mtoto wa chekechea angeyasema. Harrison aliyatafuta, akayaona, akayaruka.

"Kafika zamani. Anamalizia kuchinja."

Ulitoka laini, uongo ule, kama sahani inavyotua kwenye kitambaa cha meza.

"Mwambie namsalimu sana. Na wewe nakupenda, mkono wa matango."

"Leo niite mkono wa kulia."

Njia ilikuwa bado wazi. Angekwenda sokoni, aingie kwenye tope na shati lake jipya, aseme mbele ya watu, "Mjomba, nisamehe, twende." Badala yake alimpigia Ramadhani, Muislamu mwenye buchari ya nyama; simu ikalia hadi ikachoka. Kanisani, kina mama wapishi waliokuwa mbele ya nyumba ya mchungaji walikuwa wanapiga kelele kwamba kitunguu kimeshaiva, nyama iko wapi? Mbuzi wawili walikuwa nyuma, wamefungwa, wanatafuna kwa raha zao. Kisu kilikuwa kwenye beseni.

Kwao Kinango alimwona baba yake akichinja tangu utotoni. Akakishika kisu. Hofu ilianza baadaye, nyama ilipoingia mafutani na uani pote pakanukia mdalasini na bizari, na watu wakaanza kurudi kazini wakicheka, matope magotini, chokaa kwenye nywele.

Mzee Alfani alikuja katikati yao, suruali kaikunja, sururu begani, kofia nyeupe bado safi kabisa. Jinsi alivyoilinda kwenye mtaro ule anajua mwenyewe.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, baba. Nilikungoja, nikajua mmepata mwingine. Ramadhani, eh?"

Harrison alifanya jambo kwa kichwa chake. Mwenye kutaka angesema ameitikia, na mwenye kutaka angesema amejikuna shingo.

"Alhamdulillahi," akasema mzee. "Kisu hakina mwenyewe."

Mikeka ikatandikwa. Mchungaji Mwinga akaomba dua fupi, maana hotuba yake ndefu aliiweka ya baada ya chakula. Harrison, kwa kuwa ndiyo kazi aliyoijua, alikamata birika na beseni akaanza kunawisha wageni, na mgeni wa kwanza kunawishwa alikuwa ni mzee mwenyewe. Akammiminia maji. Akaona matope ya mtaro yakitoka chini ya kucha zake na kuingia kwenye beseni. Ng'ambo ya mkeka Kache alikuwa amesimama ndani ya gauni la zambarau, anawatazama wawili hao, mjomba wake na mpenzi wake wakinawishana, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo Harrison hakuwahi kuipata kwa matango wala kwa maneno.

"Bismillahi," akasema Mzee Alfani, akatia vidole kwenye pilau, akafinyanga tonge.

"Mjomba, usile!"

Birika likaanguka. Watu wakageuka wakidhani ni nyoka.

"Usile. Si Ramadhani. Nilichelewa, sikukukuta, nikaona haya kusema. Nimechinja mimi."

Mzee Alfani alilitazama tonge lake, akalirudisha kwenye sinia taratibu, kama mtu anayeweka yai.

"Kisu ulishika wewe?"

"Mimi, mjomba."

"Na nani?"

"Peke yangu."

Kache alikuja mpaka akasimama mbele yake. Hakupiga kelele. Heri angepiga.

"Nilikupigia simu, Harrison. Ukaniambia anamalizia. Nami nikakwambia umsalimu. Ulinisikiliza nikimsalimu mtu ambaye hayupo."

Kisha akapiga magoti kwenye mkeka wa kwanza akaomba radhi, na wa pili, na wa tatu, gauni jipya likifagia mchanga. Waislamu nao walikuwa waungwana, na uungwana wao ndio uliochoma. "Hapana neno, mwanangu." "Tutakula siku nyingine, inshallah." "Siku ni nyingi." Wakawa wanainuka mmoja mmoja, wanavaa ndara zao. Washarika nao wakaziacha sinia, maana nani atakula mgeni wake akivaa viatu? Hapo Mwanapili, yule mama anayekaanga viazi karai nje ya lango, akaingia na beseni lake lote kichwani akasema, "Haya, kaeni. Mmechimba mtaro kutwa, mtarudi na njaa? Viazi havichinjwi." Wakakaa. Yubilei ya miaka thelathini ikaliwa kwa viazi, ukwaju na chai ya rangi, na Mchungaji Mwinga akaikunja hotuba yake akaitia mfukoni. Pilau ikagawiwa baadaye majumbani kwa washarika, ikaliwa kimya kimya kama dawa.

Harrison akawa mtu wa kupita vichochoroni. Hotelini wenzake wakibeba kuku humwuliza, "Huyu kachinja nani, bwana?" Shati la zambarau alilisukuma chini ya godoro. Simu za Kache hazikuja, na zake hazikupokelewa. Mwisho akaenda Mvindeni kwa miguu, akakaa pembeni kabisa ya baraza, pale wanapokaa watu wenye kesi.

"Nimekuja kuomba msamaha, mjomba."

"Wa mbuzi?"

"Wa mbuzi."

"Mbuzi sikumla. Mkono wangu uliuzuia mwenyewe, na mbele ya watu, hilo nimekuwekea." Mzee akasogeza kahawa. "Lakini ule uongo wa simu hukunidanganya mimi. Wewe unaogopa kuonekana umechelewa. Utaoa mtu, na mtu huyo atakuwa akikuuliza uko wapi maisha yake yote. Sasa msamaha huo umeleta kwangu wa nini? Mwenyewe hayupo hapa."

"Hapokei simu yangu."

"Basi ngoja yake. Kungoja hukukujua, ukajifunze."

Akangoja. Wiki zikapita mpaka mvua za vuli zikanyesha, na mtaro wa soko, kwa mara ya kwanza, ukapitisha maji bila kumwaga kitu madukani. Siku hiyo simu ikalia.

"Uko wapi?" Hakuna salamu, hakuna jina.

Harrison alikuwa bafuni, povu masikioni. Ulimi wake ulikuwa tayari umeshajipanga useme niko njiani, nimekaribia, nakuona. Akaung'ata.

"Niko nyumbani. Naoga. Nimechelewa kazini, na msimamizi atanitukana, na ana haki."

Huko mbali kikaanza kile kicheko cha kujizuia, kikashindwa kujizuia.

"Naoga," Kache alisema, hoi. "Umeniambia unaoga."

"Ndiyo ukweli, Kache. Sina mwingine."

"Nilikuchukia, unajua? Nilikuwa nikipita kwa watu naangalia chini."

"Najua. Na mimi naangalia chini mpaka leo. Siku moja tutagongana vichwa."

"Mjinga wewe. Jumapili ya mwisho wa mwezi njoo Mvindeni na wazee wako. Mjomba amesema atawasikiliza. Harrison?"

"Laazizi."

"Mje na chochote, ila msije na mbuzi."

Hivyo ndivyo ninavyoisimulia mimi, na kila nikiisimulia watu hushika mbavu. Juzi jioni niliisimulia pale langoni kwenye karai la Mwanapili, vijana wamenizunguka, nami nikamalizia kwa maneno yangu mazuri: kwamba mimi siku hiyo sikuwapo, niliambiwa tu, lakini ningekuwapo ningemshika Harrison mkono, maana tuliosoma tunajua mipaka.

Mwanapili akaacha kukoroga mafuta.

"Hukuwapo?"

"Sikuwapo, mama."

"Basi ni pepo gani aliyekuja kuniomba maji hapa anawe miguu, imejaa damu na manyoya? Nikakupa, nikidhani mzee yuko ndani anachinja. Mbuzi wawili, wazima, Harrison awalaze peke yake awashike na awachinje?" Akanitazama. "Yule kijana alisema 'peke yangu' mbele ya watu wote, nawe umekaa mkeka wa tatu, unakodoa macho. Nikajisemea, ngoja, siku moja atajitaja. Badala yake unakuja kumchekea kwenye viazi vyangu."

Vijana wote wakawa wananiangalia mimi.

"Mama Mwanapili," nikasema, "viazi vinaungua."

"Viungue," akasema. "Jitaje."