Mgongo wa Mrithi

"Nani alikwambia?"

Hilo ndilo neno la kwanza alilotoa Rwezaura. Hakusema karibu, hakusema pole na safari. Kemirembe, mchumba wake, ndiyo kwanza ametoka kugongewa muhuri mpakani pale Murongo, begi bado liko begani, vumbi la Kikagati limemjaa kwenye nyusi.

"Aniambie nini?"

"Kemi, usinifanye mtoto. Picha uliyoichora imefika kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Mama hatoki nje kwa aibu. Baba mdogo Athanasi ameikuza kwenye simu mpaka kwenye bega, akauliza, huyu ni nani kama si Rwezaura?"

Kemirembe akacheka kidogo, cheko la mtu aliyechoka. Alidhani anataniwa.

"Ni wewe kweli. Ule mgongo ni wako."

 Kijana wa bodaboda aliyekuwa akiwasubiri akaanza kufuta kiti kilichokuwa safi tayari.

"Kwa hiyo unakubali."

"Nakubali nini? Nilihitaji mgongo wa mwanaume, Rwe. Ninaoujua ni mmoja. Hujui bega lako la kushoto linavyoshuka?"

Kemirembe aliishi Kampala kwa miaka, akichora kwenye chumba cha kupanga nyuma ya gereji. Alichora wanawake wa kwao Kyerwa. Alichora mjane aliyekuta kufuli jipya mlangoni kwake, na binti aliyepalilia kahawa ya baba yake ujana wote, siku ya kugawa akapewa jembe tu. Watu wa Kampala walisimama mbele ya picha zile wakasikitika, kisha wakaenda kula.

Picha hii mpya ilikuwa ya Vero, dada wa Rwezaura. Vero alirudi nyumbani Songambele akikimbia ndoa ya vipigo. Baba yao, mzee Gaudiosus, akamkatia kipande cha kibanja, shamba la ukoo, chenye migomba na kibanda, akapanda miramura, ile mimea ya mpaka, kwa mikono yake mbele ya majirani. Mzee alipofariki, ukoo ukakitwaa tena kile kipande kwa sababu mwanamke harithi. Rwezaura alimwambia mchumba wake kwa simu kwamba wazee walifanya hayo yeye akiwa Bukoba, na aliporudi alikuta yameshapita. Kemirembe akaamini. Akamchora Vero anaondoka na mzigo kichwani, na nyuma yake mwanaume aliyegeuka, mkononi ameshika muhoro, kile kisu kirefu cha kukatia migomba ambacho mrithi hukabidhiwa siku ya kumaliza matanga.

"Na muhoro je?" Rwezaura akauliza. "Nao ulijitokea tu?"

"Mrithi si hushika muhoro?"

"Na miramura iliyong'olewa miguuni pangu?"

"Ilikuwa lazima ing'olewe na mtu." Kemirembe akaishia hapo. Alimtazama usoni, na kile alichokiona kikamfanya ashushe begi chini. "Miguuni pako?"

Rwezaura akageuka kuelekea bodaboda.

"Rwe. Uliniambia ulikuwa Bukoba."

"Kemi..."

"Nani aling'oa?"

"Mrithi ndiye hung'oa," akasema kwa sauti ya chini. "Aking'oa mwingine, urithi wako una doa, kesho mtu anakuja kukuuliza wewe ni nani. Walinipeleka asubuhi. Walisimama nyuma yangu wote. Ningefanyaje?"

"Vero alikuwa wapi?"

"Alikuwa anamenya ndizi."

"Akasema nini?"

"Hakusema kitu. Aliendelea kumenya."

*

Vero alikuwa akiuza uji na chai kwa watu wanaouguza wagonjwa pale hospitali ya Nyakahanga. Alipomwona Kemirembe anashuka kwenye gari, alimimina kikombe bila kuuliza, akasogeza kigoda.

"Karibu, wifi. Umekonda. Huko Kampala mnakula rangi?"

"Ulijua ni yeye."

Vero akafunika chupa ya chai taratibu. "Nilikuwa pale. Ningeachaje kujua?"

"Tumeongea kwenye simu mara ngapi, Vero? Ukawa unasema wametutoa, wamekata, wameng'oa. Wao, wao. Hukumtaja."

"Ningemtaja ungemwacha. Nilitaka na mimi niwe na mtu mle ndani ya ukoo, hata kama ni mke wa kaka."

Simu ya Kemirembe ikalia mlio wa ujumbe. Akausoma kimya, kisha akamsomea Vero kwa sauti:

"Nimekaa na wazee. Wanataka picha ichomwe mbele ya ukoo. Ikichomwa nitasimama niseme Vero arudi kwenye kipande chake. Naapa kwa kaburi la baba. Na harusi yetu itabaki pale pale. Nakupenda, Kemi. Nisaidie."

Vero alikaa chini. Mteja mmoja akaomba sukari, hakumsikia.

"Ichome," akasema.

"Ni wewe mle, Vero. Ndiyo kitu pekee kinachosema ulichofanyiwa."

"Mimi niko hapa. Nalala jikoni kwa watu. Hiyo picha inalala wapi?"

"Kwenye ukumbi wa maonyesho. Ukutani."

"Mvua inaingia?"

"Haiingii."

"Basi tubadilishane," Vero akasema, akatabasamu bila furaha. "Wifi, wewe unanipigania mimi au unaipigania picha? Nakuuliza kwa heshima."

Kemirembe alikishika kile kikombe mpaka kikapoa. Alijaribu kumchukia Rwezaura, na haikuwa rahisi. Alimkumbuka akimpigia simu kila jioni, akimsimulia kahawa ilivyotoa maua, akimngoja miaka yote hiyo wakati wenzake wanamcheka kwamba ameposa sauti ya kwenye simu. Mtu kama huyo, akasema moyoni, ameteleza mara moja tu, tena amesukumwa. Akipewa nafasi ya kusimama, atasimama.

Akampigia.

"Utasema mbele yao wote?"

"Nitasema."

"Sema sasa, nikusikie."

"Vero arudi kwake. Mpaka upandwe tena."

"Haya," Kemirembe akasema. "Nakwenda kuileta."

*

Siku ya siku, wanaume wa ukoo walikaa kwenye mabenchi uani kwa marehemu Gaudiosus. Wanawake walikaa kwenye nyasi karibu na jiko. Vero alikuja na godoro lake limefungwa kamba, na vipandikizi vya miramura amevifunga kwenye jani la mgomba ili visikauke.

"Shikamoo, baba mdogo," Kemirembe alimpigia magoti Athanasi.

"Marahaba, mchoraji. Hivi huko Uganda wanakulipa kwa kuanika aibu za watu?"

"Hazikuwa za watu, baba mdogo. Zilikuwa za kwetu."

"Kwenu ni wapi? Hujaolewa bado."

Mabenchi yakacheka. Rwezaura alikuwa ameketi kwenye kiti cha baba yake, macho kwenye viatu.

Kemirembe aliikunjua picha chini. Wanawake wakanyanyuka kidogo kuangalia, mmoja akaziba mdomo kwa kanga. Mama yake Rwezaura aliitazama kwa muda mrefu kuliko wote, akarudi kukaa. Athanasi mwenyewe ndiye aliyetoa kiberiti.

Rangi ya mafuta haiungui kama karatasi. Huvimba kwanza, ikafanya mapovu, halafu moto unashika ghafla na moshi mweusi. Kemirembe alisimama karibu mpaka joto likamsukuma. Mwishowe pakabaki majivu.

"Vizuri," Athanasi akasema. "Hapo umekuwa mtoto wetu. Rwezaura, ulituambia una neno."

Rwezaura akasimama. Vero naye akasimama kule kwenye nyasi, jani la mgomba mkononi.

Rwezaura alimtazama dada yake. Akamtazama Kemirembe. Kisha akawatazama wazee waliosimama nyuma yake asubuhi ile, wote wakiwa kwenye mabenchi, wanamngoja.

"Nilitaka tu kuwashukuru wazee kwa kufika," akasema. "Hayo mengine tutayazungumza taratibu."

"Amina," Athanasi akasema. "Leteni rubisi tunywe."

*

Kemirembe na Vero walikuwa wamesimama barabarani wakingoja magari, godoro limelala kati yao, simu ilipolia. Kemirembe alisoma bila kubadilisha sauti.

"Asante mpenzi, umeniheshimisha sana leo. Ya Vero yataenda polepole, wasije wakasema nimeanza kutawaliwa na mke kabla ya ndoa. Niwaambie kanisani watutangaze Jumapili hii?"

"Mjibu," Vero akasema.

"Nimjibu nini?"

"Kaka yangu si mtu mbaya, wifi."

"Najua. Angekuwa mbaya ningekuwa nimeshamsahau."

Akaandika maneno machache, akamwonyesha Vero kabla ya kutuma: *Waambie wasitutangaze. Wala Jumapili nyingine.*

Vero aliyasoma, akairudisha simu. Rwezaura alipiga papo hapo. Ikaita, ikakatika, ikaita tena. Kemirembe akaizima.

"Ningekukatalia kuichoma," akasema, "angalau ingekuwepo."

"Nilikuomba mimi."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo tusilaumiane."

"Tusilaumiane."

Gari la kwenda Nyakahanga likatangulia kufika. Kondakta akalirusha godoro juu, akamhimiza Vero apande. Kemirembe alikuwa anaelekea upande mwingine, Murongo. Vero aliweka mguu mmoja kwenye ngazi, akageuka.

"Kabla hujanichora," akasema, "nilikuwa nimekosa kibanja tu."

Akaingia ndani, mlango ukafungwa, na gari likaondoka.