Alisema Alikaa Dilala

“Mbele ya kuja hapa kwangu, ulikala wapi?”

“Ku Dilala, tata,” Kalumba akajibu.

Uso wa Tata Séraphin ukakunjuka. Tayari alikuwa ameziona akilini zile nyumba za zamani za Dilala, zilizojengwa kwa wafanyakazi wa mgodi.

“Kumbe uko mutoto ya kampuni. Utaanza kesho. Garaji yangu inakosa mutu wa kuunga vyuma.”

Nyuma ya pazia alisimama binti yake, Ndaya, mkononi sinia ya chai. Vumbi jekundu la Kolwezi lilielea katika jua la asubuhi, naye akaelea nalo. Alimwazia Kalumba akirudi kwake jioni, ananukia chuma na moto, yeye akimmwagia maji mikononi, wala hakuna mtu wa kuwaambia warudi ardhini. Akaweka sinia chini, akamwandikia haraka kwenye simu:

“Acha aamini vile. Tafazali.”

Kalumba akatoa simu, akasoma, akairudisha mfukoni.

“Tata, hapana ku manyumba ya kampuni. Ku buloko ya Dilala. Nilifungwa juu ya kuiba nyaya za shaba.”

Tata Séraphin akaitazama mikono ya kijana.

“Na kuunga vyuma ulijifunza wapi?”

“Kule kule. Nimetoka, kila mahali banauliza, najibu, banafunga mulango.”

“Sasa juu ya nini umeniambia? Nilikuwa nimekwisha kukubali.”

“Ulikubali mutu mwingine, tata.”

Mzee akaguna. Kicheko kilimponyoka bila kupenda.

“Batu watasema Séraphin anafuga bezi ba shaba.”

“Watasema.”

“Nani anakujua, anaweza kusimama juu yako, kukudhamini?”

Pazia likafunguka. Ndaya, ambaye hata chumvi aliiomba kwa kunong'ona, akasema wazi:

“Mi, tata. Mi nilikuwa namupelekea bukari ya kula kule ndani.”

“Wewe? Si kila Jumamosi uko ku korali?”

“Korali ilikuwa inaimbaka kule, tata.”

Baba akamtazama binti, akamtazama kijana, akajifuta uso kwa kiganja.

“Kalumba, kazi unayo. Ukiharibu, nitakufukuza sawa mutu yeyote.”

“Asante, tata. Na ile ya Ndaya...”

“Ile sizungumzi na mufanyakazi wangu. Tuma baba yako mukubwa na posa.”

Ndaya akakaa chini palepale mlangoni. Akajimiminia chai iliyokuwa ya mgeni.