Sufuria ya Mama na Miche Minne

Haya, sogeeni. Hadithi hii ina baridi, kwa hiyo kila mtu ajibane na mwenzake. Mmejibana? Vizuri.

Juu milimani, Rungwe, aliishi msichana mdogo aitwaye Tusekile. Nyumbani walimwita Tuse.

Tuse alikuwa na miche minne ya nyanya. Aliipanda mwenyewe nyuma ya jiko. Kila siku aliihesabu. Mmoja, miwili, mitatu, minne!

Ule wa nne ulikuwa mdogo kuliko yote. Tuse aliuita Kadogo.

Mwezi wa saba ukaingia. Lo, baridi! Hata jogoo aliwika huku akitetemeka. Ko-ko-ko-kooo!

Jioni moja Baba akatazama juu.

"Leo mbinguni hakuna hata wingu moja," akasema. "Kesho tutaamka na barafu kwenye majani."

Moyo wa Tuse ukafanya paa!

Aliijua barafu hiyo. Mwaka jana ilikuja asubuhi moja tu. Nyanya zake zote zikawa nyeusi. Zikalegea kama mchicha uliopikwa. Tuse alilia mpaka akapata kwikwi.

"Mwaka huu sikubali," akasema Tuse. "Sikubali ng'o!"

"Basi ifunike miche yako," akasema Baba. "Jioni unafunika. Asubuhi unafunua, ipate jua."

Tuse akakimbia. Akapata ndoo iliyokatika mkono. Puu! Akafunika mche wa kwanza.

Akapata chungu kilichomeguka mdomo. Puu! Akafunika mche wa pili.

Akapata kikapu kikuukuu. Akakijaza nyasi kavu kidogo. Puu! Akafunika mche wa tatu.

Bado Kadogo. Tuse akatafuta huku. Akatafuta kule. Hakuna kitu!

Akachungulia jikoni. Walikuwa wameshakula, na sufuria kubwa ya ugali ilikuwa imeoshwa. Ilikuwa imelala kifudifudi, safi kabisa.

Tuse akaichukua. Nyatu, nyatu, nyatu. Puu! Kadogo naye akafunikwa.

Tuse akainama, akanong'ona:

"Lala mche, lala.
Baridi ikibisha hodi, usifungue!"

Asubuhi Mama akataka kupika uji.

"Jamani, sufuria yangu! Nani kaona sufuria yangu?"

Akatazama nyuma ya mlango. Haipo. Akatazama chini ya meza. Haipo.

"Baba Tuse, umeiona sufuria yangu?"

"Mimi sijaivaa," akasema Baba, akajipapasa kichwani.

Nje, Tuse alikuwa akigonga ndoo. Ngo, ngo, ngo!

"Hodi! Upo?"

Akafunua. "Upo!"

Akagonga chungu. Ngo, ngo, ngo! "Hodi! Upo?" Akafunua. "Upo!"

Akagonga kikapu, lakini kikapu hakilii. Akakifunua tu. "Na wewe upo!"

Akagonga sufuria. Ngeng, ngeng, ngeng!

Mama akaisikia. Hakuna mama asiyeijua sauti ya sufuria yake. Akatoka mbio, akasimama, mikono kiunoni.

"Tuse! Sufuria yangu imelala na nyanya?"

"Samahani, Mama. Lakini tazama! Kadogo ni mzima!"

Mama alitaka kukasirika. Kicheko kikamwahi. Akacheka mpaka akashika ukuta.

"Haya, tupatane," akasema. "Jioni nikishapika ugali, ichukue. Asubuhi, kabla ya uji, iwe jikoni."

"Sawa, Mama!"

Wakafanya hivyo siku nyingi. Jioni, puu! Asubuhi, ngeng, ngeng, ngeng! Miche ikanenepa. Kadogo akatoa jani la tano.

Siku moja, jioni, wakaja wageni. Hodi! Hodi! Karibuni! Alikuja Baba Mkubwa. Akaja Mama Mkubwa. Wakaja na watoto watatu, na wa mwisho wao aliitwa Lugano.

Jamani, furaha! Mama akaitia sufuria maji mpaka juu. Ugali wa watu wengi huchelewa kuiva, ninyi mnajua.

Lakini nje, baridi haikungoja ugali.

Tuse akafunika kwa ndoo. Puu! Chungu. Puu! Kikapu. Puu!

Kadogo akabaki wazi. Jani lake la juu lilikuwa baridi kama maji ya mtoni.

Tuse akavua sweta lake ili amfunike Kadogo. Lo! Kashina kakapinda. Sweta lilikuwa zito. Akalitoa haraka.

Basi akachuchumaa. Akamzungushia Kadogo viganja vyake viwili.

"Lala mche, lala.
Baridi ikibisha hodi, usifungue!"

Meno yake yakagongana. Ka-ka-ka-ka!

"Tuse yuko wapi?" Mama akauliza ndani. Akatoka na taa. Akamkuta mwanawe amechuchumaa, sweta liko chini, vidole vimekufa ganzi.

"Tuse! Utaugua, mwanangu!"

"Ni-ni-nikiondoka, Mama, Ka-Kadogo atakufa."

Machozi yakamtoka Tuse. Mama akaiona mikono ile midogo. Hakumgombeza. Alimvalisha sweta, akampulizia vidole. Fuuu, fuuu.

Kisha akaita kwa sauti kubwa.

"Jamani eee! Ugali uharakishwe! Sufuria ina kazi nyingine!"

"Kazi gani?" akauliza Baba Mkubwa.

"Inakwenda kulala na nyanya," akasema Baba.

"Weee!" akasema Mama Mkubwa. Lakini alishika mwiko hapo hapo, akasonga. Songa, songa, songa! Akapakua ugali wote kwenye sinia. Pwaa!

Lakini sufuria ilikuwa na ukoko, umeganda kabisa.

"Ukoko wetu!" wakapiga kelele watoto. Hapo hawakuhitaji kuombwa. Wakakwangua. Kwaru, kwaru, kwaru! Wakala. Kwaru, kwaru, kwaru! Lugano akaingiza kichwa chote ndani.

"Lugano, toka humo! Sufuria ni ya Kadogo!"

Mama akaisuuza. Akaigusa chini kwa kiganja. Haikuwa ya moto. Ilikuwa na joto la kupendeza.

Wakatoka wote na sufuria. Mama, Baba, Baba Mkubwa, Mama Mkubwa na watoto. Ugali uliwangoja kwenye sinia.

Tuse akamfunika Kadogo polepole sana. Puu!

Watu wote wakainama. Wakanong'ona, wakubwa kwa wadogo:

"Lala mche, lala.
Baridi ikibisha hodi, usifungue!"

Asubuhi, hee! Barafu kila mahali! Nyasi nyeupe. Paa jeupe. Ukikanyaga, kwachu! Ukikanyaga, kwachu!

Majani ya maboga, ambayo hakuna aliyeyafunika, yalikuwa meusi. Tuse akayaona. Akaikimbilia miche yake.

Akagonga ndoo. Ngo, ngo, ngo! "Hodi! Upo?" Upo!

Chungu. "Upo?" Upo!

Kikapu. Upo!

Akafika kwenye sufuria. Ilikuwa nyeupe pwee kwa barafu. Tuse akanyoosha mkono. Akaurudisha.

"Mimi naogopa," akasema. "Lugano, gonga wewe."

Lugano akagonga. Ngeng, ngeng, ngeng! "Hodi! Upo?"

Tuse akafumba macho. Baba akaivuta sufuria. Kwa!

"Tuse," akaita Lugano. "Tuse, fumbua! Anang'aa!"

Tuse akafumbua jicho moja. Kisha la pili. Kadogo alikuwa amesimama wima. Kijani kibichi! Majani yote matano!

"Upooo!" akapiga kelele Tuse. Akaruka. Lugano akaruka. Baba Mkubwa naye akaruka, na ardhi ikatikisika.

Mama akaokota sufuria yake. Akaifuta barafu kwa khanga.

"Naomba nikapikie uji," akasema. "Unaniruhusu?"

Tuse akafikiri kidogo.

"Chukua tu, Mama. Mchana ni yako."

"Na jioni?"

"Jioni," akasema Tuse, "muulize Kadogo kwanza."