Kufuli Kwenye Kiwanja cha Nyuma

Shemeji alipiga simu jioni, jua likiwa limeshaanza kulegea. Hereni yake ya dhahabu ilikuwa imedondoka alipokuwa akianua nguo, huko kwenye kiwanja kilicho nyuma ya nyumba yake.

"Shemeji, njoo na hiyo ngoma yako ya kutafutia misumari," alisema. "Leo ndiyo tutajua kama ina faida."

Mke wangu alisikia kila neno, maana simu yangu haijui kunong'ona. Alicheka jikoni mpaka akakohoa.

"Nenda, Fundi," akasema. "Ukikosa hereni, mletee dada yangu kopo la soda kama kawaida yako."

Yeye ni mwalimu wa chekechea. Anaongea na watoto kutwa nzima, na akirudi nyumbani anaendelea na mimi palepale alipoachia na wao. Miaka yote ya ndoa yetu sijawahi kukaa kwenye chumba kimoja naye kikawa kimya.

Mashine ile ya kutambua vyuma ardhini nilikuwa nayo kwa muda mfupi tu. Maisha yangu yote nimetengeneza mafriji. Magoti yalipogoma, daktari akaniambia niache kubeba vitu vizito, niwe natembea. Nitembee kwenda wapi? Ndipo nikaona kwenye simu video ya mtu anayezunguka shambani na fimbo yenye sahani, akifukua sarafu za zamani. Nikakolea.

Dukani nilitaka ile kubwa kuliko zote. Muuzaji, binti mwenye miwani iliyofungwa uzi, akaniondolea mkononi.

"Mzee wangu, hiyo itakuchosha mkono na kukuchanganya akili. Wewe ndio kwanza unaanza. Chukua hii. Ni nyepesi, ina skrini inayosomeka, na sahani yake haiogopi maji."

Akanifundisha palepale, kwa kutupa vitu sakafuni. Msumari ni mlio mzito na namba ndogo. Shaba na fedha ni mlio mwembamba na namba kubwa. Dhahabu, alisema, ni mwongo. Hujificha kwenye namba za takataka. Usikimbie. Pitisha sahani chini chini kama unayefagia, usiinyanyue mwishoni.

"Na inaona chini kiasi gani?" niliuliza.

"Sarafu, urefu wa kiganja. Kitu kikubwa, labda mpaka kwenye kiwiko. Zaidi ya hapo ni kujidanganya."

Basi jioni ile nikaenda. Kiwanja kile hapo zamani kilikuwa na nyumba. Ilishabomolewa, ikabaki pembe moja ya ukuta na vipande vya sakafu vilivyomezwa na majani. Shemeji alinionyesha kamba ya nguo, akarudi ndani kupika. Nikavaa spika za masikioni, nikawasha.

Tit. Msumari.

Tit. Msumari mwingine.

Nikasogea kidogo kidogo kuelekea kwenye ile pembe ya ukuta. Mwanga ulikuwa unaondoka. Mbwa wa jirani aliyekuwa akibweka tangu nifike... akanyamaza.

Ndipo nikausikia mlio ambao sikuwa nimefundishwa. Ilikuwa milio miwili kwa pamoja, mzito na mwembamba, kama mtu anayeguna huku amefumba mdomo. Namba kwenye skrini zilirukaruka, hazikutulia hata mara moja.

Nikapiga magoti, nikachimba. Udongo ulikuwa wa baridi kuliko ulivyopaswa kuwa baada ya jua lile. Harufu ikanipanda puani, harufu ya nguo mbichi zilizofungiwa sandukuni. Kisha kijiko changu cha kuchimbia kikagonga kitu.

Kilikuwa kimefungwa kwenye kitambaa cheusi kilichooza, kikakatikia mikononi mwangu nyuzi nyuzi. Ndani yake mlikuwa na kufuli. Limefungwa. Kitambaa kilikuwa cha miaka mingi, lakini kufuli lilikuwa na kutu ukingoni tu. Kwingine liling'aa kwa mafuta. Kwenye upinde wake palikuwa pamezungushiwa nywele. Ndefu. Za mwanamke.

"Mm."

Nilivua spika za masikioni.

"Mm."

Mwanamke alikuwa amesimama kwenye pembe ya ukuta. Nguo zake zilikuwa za nyumbani, za kawaida kabisa. Mkono mmoja ulikuwa umefunika mdomo.

"Habari ya jioni, dada," nilisema. "Samahani, nimeingia kwenye eneo lako?"

Akatikisa kichwa.

"Hiki ni chako?"

Akanyoosha mkono wake wa pili, akazungusha vidole hewani. Taratibu. Kama mtu anayefungua mlango kwa ufunguo.

"Shemeji! Umeipata?" Sauti ya shemeji kutoka dirishani. Niligeuka kumjibu. Nilipotazama tena ukutani, palikuwa na ukuta tu.

Shemeji alikuja na taa. Hereni, akasema huku akijicheka, ilikuwa imenasa kwenye shuka. Haikuwahi kudondoka.

Nilikwenda na kufuli nyumbani. Nilikuwa nimeelewa, au nilidhani nimeelewa, kwamba yule dada alitaka lifunguliwe. Na mimi ni fundi. Kitu kilichofungwa huwa hakinipi usingizi.

Mke wangu alilichukua kabla sijamaliza kusimulia. Akatoa pini kichwani, akaanza kulichokonoa, mdomo wake ukienda kasi kuliko mikono: kwamba wezi wa siku hizi hawana subira, kwamba kaka yake mkubwa alifungua kila mlango wa nyumbani kwao kwa waya wa mwavuli...

"Aa!"

Ukingo wenye kutu ulikuwa umemkata dole gumba. Tone moja la damu likaangukia kwenye tundu la ufunguo. Likazama. Halikuacha alama.

Akaliweka mezani polepole, akalisukuma mbali naye kwa kiwiko.

"Fundi, lirudishe ulikolitoa."

"Ngoja nilete msumeno. Dakika moja tu nitakuwa nimelikata."

"Sitaki likatwe. Sitaki lilale ndani kwangu. Lirudishe."

Nililiweka nje usiku ule, na kesho yake jioni nikalifukia kwenye shimo lilelile. Likiwa limefungwa. Hakuna aliyenitokea. Niliporudi, mke wangu aliniuliza kama nimenawa mikono, kisha akaanza habari za mtoto aliyemeza kifungo cha shati. Nikashusha pumzi.

Siku zikapita. Kidonda kikafunga, tukakisahau.

Jioni moja nilikuwa sebuleni nikibadilisha betri za mashine. Nikaiwasha kuijaribu. Mke wangu alipita mbele yangu na sinia la vyombo.

Ikaguna.

Milio miwili. Mzito na mwembamba. Namba zikirukaruka.

"Ni sinia," alisema. Akaliweka chini. Nikapitisha tena sahani. Ikaguna. Akavua hereni, akavua mkufu, akavua saa, akacheka. "Haya, nipime. Labda nimekuwa bati."

Nikaipandisha sahani taratibu. Magotini, kimya. Tumboni, kimya. Kifuani, kimya.

Kooni... ikaguna.

Binti wa dukani alishaniambia kwamba ndani ya nyumba nyaya za umeme huipotosha mashine, nisiziamini namba zake. Nikamwambia mke wangu hivyo hivyo. Nilizungumza sana, mimi nisiyezungumza. Yeye alikuwa ameshika shingo.

"Lakini Fundi," alisema, "tangu asubuhi nahisi taya limekaza."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyoyasikia yakitoka mdomoni mwake.

Alfajiri meno yake yalikuwa yamebana. Macho yalikuwa mazima, yananitazama, yana maneno tele, na mdomo umefungwa. Nilijaribu kupitisha kijiko katikati ya meno. Hakikupita. Nilijaribu ncha ya kisu cha mezani. Haikupita.

Hospitali walimlaza kwenye chumba chenye mapazia mazito. Daktari alikuwa kijana mpole.

"Ni pepopunda," alisema. "Kuna kidonda chochote alichopata karibuni? Hata kidogo?"

Nikamwambia habari ya dole gumba na kutu.

"Basi ndiyo hiyo. Vijidudu viko kwenye udongo. Tumeanza dawa. Asisumbuliwe na mwanga wala kelele. Taya huachia lenyewe, lakini huchukua muda."

Niliishika ile sentensi kama mtu anayeshika kamba kisimani. Udongo. Vijidudu. Dawa. Ni mambo yenye majina.

Lakini picha ya eksirei ya shingo ilikuwa safi kabisa, bila chuma chochote cha kuifanya mashine igune. Niliomba niione mwenyewe.

Shemeji alinikuta kwenye benchi la ukumbini. Nikamweleza yote, pamoja na yule dada wa ukutani. Nilidhani atanicheka. Akashika vidole vyangu.

"Alikuwa amefunika mdomo?" alinong'ona.

"Ndiyo."

"Shemeji... kwenye ile nyumba iliyobomolewa alikaa mwanamke. Wanasema alikuwa na maneno, kama dada yangu. Alijua jambo la wakwe zake, akaapa atalisema mbele ya watu. Asubuhi ya siku aliyopanga kulisema, wakamkuta hafungui mdomo. Aliisha kwa njaa. Mimi sikuwahi kumwona. Nilihamia pale yeye akiwa ameshazikwa."

Sikuuliza ni jambo gani. Nilikuwa nawaza vidole vile vilivyozunguka hewani.

Jioni hiyo nilirudi kiwanjani na mashine, jembe, na ule msumeno wa chuma.

Mashine iliguna palepale nilipolifukia kufuli. Nikachimba urefu wa kiganja. Hakuna kitu. Nikapitisha sahani shimoni. Iliguna vilevile, kwa nguvu ileile. Nikachimba mpaka kwenye kiwiko. Hakuna. Ikaguna. Nikachimba mpaka bega langu likaingia shimoni, mpaka ikabidi niingie mwenyewe, magoti yangu yakilia kama milango mibovu. Kila nilipochota udongo, kilichokuwa chini kilisogea chini zaidi. Mlio haukukaribia. Haukuondoka.

Kilikuwa kinashuka.

Nilichimba kwa mikono. Nililia. Nilimwomba mtu nisiyemjua kwa jina anirudishie mke wangu.

"Mm."

Alikuwa amesimama ukingoni mwa shimo, juu yangu. Safari hii mkono haukuwa mdomoni. Niliona kwa nini alikuwa akiufunika. Midomo ilikuwepo, lakini baina ya mdomo wa juu na wa chini hapakuwa na mstari. Ngozi ilikuwa moja.

Akatikisa kichwa. Taratibu. Machozi yalikuwa yakimtiririka.

Sikumbuki nilivyotoka mle shimoni. Shemeji anasema alinikuta nimekaa mlangoni kwake, nimekumbatia jembe.

Niliporudi tena siku chache baadaye, na vijana wawili wa kunisaidia kuchimba, kiwanja kilikuwa na watu. Lori lilikuwa likirudi nyuma. Mwenye kiwanja alikuwa amepata fedha za ujenzi, na zege la sakafu lilikuwa limemwagwa kutoka pembe hadi pembe, bado linatoa jasho.

"Kuna kitu changu humo chini," nilimwambia msimamizi.

"Kitu gani, mzee?"

Ningemwambia nini? Kufuli?

"Nipe nafasi nipime tu," nilisema.

Alinihurumia. Niliinama pembeni, nikanyoosha mashine juu ya zege. Ikapiga kelele. Nikasogea. Ikapiga kelele. Kila mahali, kwa sauti moja, bila kupumua. Walikuwa wametandika nondo sakafu nzima. Binti wa dukani hakunifundisha namna ya kusikia kitu kimoja chini ya chuma chote kile, na sidhani kama kuna anayejua.

Msimamizi alinishika bega, akaniongoza mpaka barabarani kama mtu anayemvusha kipofu.

Nikaenda hospitali kwa miguu. Muuguzi wa zamu, mama mtu mzima mwenye sauti ya chini, alinisubiri mlangoni mwa wodi. Akanivuta pembeni.

"Baba, mgonjwa wako ameanza kuongea."

Nikamshika mkono. "Taya limeachia?"

Hakunitazama.

"Hapana. Meno yamebana vilevile. Nimeyaangalia mwenyewe."

"Sasa anaongeaje?"

"Sijui, baba. Mwenzangu amekataa kuingia humo. Anasema sauti haitoki kitandani." Akashusha macho kwenye viatu vyake. "Mimi nimeisikia. Inatoka chini."

Niliingia. Mapazia yalikuwa yamefungwa, chumba kina harufu ya dawa na shuka lililopigwa pasi. Mke wangu alikuwa macho. Amekonda, mrija puani, mashavu yamekauka juu ya meno yaliyobana. Alinitazama. Kisha macho yake yakashuka pembeni mwa kitanda, mpaka sakafuni, yakabaki hapo.

Nikapiga magoti. Nikalala kifudifudi, nikaweka sikio kwenye saruji.

Baridi. Magurudumu ya kitoroli kwenye ukumbi wa mbali. Kimya.

Halafu, kutoka chini, chini sana, kama mtu anayeita kutoka kisimani, ikaja sauti ya mke wangu. Safi. Ya kila siku.

"Fundi? Mbona umechelewa?"

Na juu yangu, kitandani, mkono wake ulikuwa umeshuka, unanipapasa kichwa taratibu, kama wa mwalimu anayembembeleza mtoto alale.