Kadi Iliyochomolewa Mapema

Kila Alhamisi, kengele ya mwisho ilipolia, wasichana wengine walikimbilia lango la shule, lakini Nuwara alielekea kwenye kabati la Mwalimu Intisar. Humo ndimo kilimokaa kinasa sauti cha chama chao, chama cha kurekodi nyimbo na masimulizi ya wazee wa Ghadames, mji wao wa jangwani nchini Libya. Kilikuwa kidogo, cheusi, cha kuenea kiganjani. Nuwara alikikagua kama mama anavyomkagua mtoto asubuhi kabla hajatoka. Betri zilikuwa zimejaa. Kadi ya kumbukumbu ilikuwa imekaa sawasawa, na kile kidude cha kusukuma kilicho ubavuni mwa kadi hakikuwa kimefungwa, maana kikifungwa kadi haipokei chochote.

"Na kadi inatolewaje?" Mwalimu Intisar aliuliza, ingawa alilijua jibu atakalopewa.

"Unabonyeza kitufe cha kusimamisha, unangoja taa nyekundu iache kumetameta, unazima mashine, ndipo unaichomoa," Nuwara alijibu kwa pumzi moja. Yeye ndiye aliyewafundisha wanachama wapya.

"Mwalimu, hata kuku wa kwao wanaijua hiyo," alisema Hanin, rafiki yake wa dawati moja. "Anawasomea kila asubuhi kabla ya kuwamwagia punje."

"Afadhali kuku wangu kuliko wewe uliyeitia kadi ya shule kwenye kamera ya kaka yako."

"Nilikuwa najaribu tu," Hanin alisema, naye akacheka. Hilo la kamera lilikuwa limetokea Jumatano, na darasa zima lilikuwa na habari.

Wiki hiyo Nuwara alikuwa na kazi kubwa. Binamu yake Wafaa alikuwa anaolewa, na Jumatatu angeondoka na mumewe kwenda kuishi Benghazi, mbali kabisa na nyumbani. Zawadi aliyoitaka Wafaa ilikuwa moja tu: wimbo wa kuagwa wa bibi yao, Bibi Mabruka, auchukue aende nao.

Kumshawishi Bibi haikuwa rahisi. Katika ukoo wao, wimbo huo huimbwa na mwanamke mkubwa kuliko wote, bi harusi anapotoka chumbani, na huimbwa mara moja tu kwa kila bi harusi. Kumwimbia yuleyule mara ya pili ni kama kumwombea arudi kwao na masanduku yake. Tena si wimbo wa kusikiwa na wanaume. Bibi alikataa, akakataa tena, mwishowe akakubali kwa sharti.

"Wimbo ukiisha, hicho kijikadi chenye sauti zetu nakitaka mkononi mwangu papo hapo," alisema. "Nitakifunga kwenye pindo la shela yangu. Sitaki kisikike barabarani."

"Utakipata, Bibi," Nuwara alisema bila wasiwasi.

Ijumaa alasiri, familia ilikusanyika katika nyumba yao ya mji wa kale, ile waliyokuwa wakiifungua siku za harusi na za joto kali. Wanawake walifika kwa njia yao, juu ya mapaa, wakipokezana sinia na watoto kutoka paa hadi paa. Chini, katika vichochoro vilivyoezekwa, wanaume walikuwa wakimleta bwana harusi kwa ngoma.

Chumbani, Wafaa alikuwa ameketi kati ya vyombo vya shaba na vioo vilivyotundikwa ukutani. Nuwara alikiweka kinasa sauti juu ya mto, akabonyeza kitufe, taa nyekundu ikawaka. Bibi Mabruka akakohoa kidogo, kisha akaanza kuimba.

Sauti yake ilikuwa nyembamba, lakini haikuyumba. Aliimba kwa Kighadamsi cha zamani, chenye maneno ambayo Nuwara hakuyajua yote, na wanawake waliitikia kwa sauti ya chini kama upepo unaopita kwenye mitende. Wafaa alilia mpaka wanja ukamtiririka. Nuwara naye alijikuta amelowa mashavu.

Ghafla mlango wa chini ukagongwa. Wanaume walikuwa wamefika. Bibi alimalizia ubeti wa mwisho huku tayari amenyoosha mkono.

"Nipe."

Nuwara aliitazama taa. Ilikuwa bado inawaka. Wanawake wote walikuwa wakimtazama yeye, na ngoma zilikuwa zikipanda ngazi. Angeweza kusema, "Subiri kidogo, Bibi." Lakini ulimi ulimwia mzito kumwamuru mwanamke mzee mbele za watu wale wote, akajiambia kwamba mara moja haiwezi kudhuru. Akakifungua kifuniko, akaichomoa kadi, akamtilia Bibi kiganjani.

Jumamosi aliiomba ile kadi kwa Bibi ili amnakilie Wafaa. Akaipachika kwenye kinasa sauti, akawasha. Badala ya faili la wimbo, maandishi yalitokea kiooni: kadi haisomeki, je, ifutwe na kuandaliwa upya? Chini yake kulikuwa na maneno mawili, Ndiyo na Hapana.

Nuwara alibonyeza Hapana haraka. Alizima akawasha. Aliitoa kadi, akaifuta kwa kitambaa kikavu, akairudisha. Akajaribu kidude cha ubavuni. Maandishi yakawa yaleyale.

Jumapili asubuhi, wiki ya shule ilipoanza upya, aliingia darasani akiwa amekibeba kinasa sauti kama mtu aliyebeba yai lililopasuka. Wanachama wa chama walimzunguka kutaka kusikia. Mwalimu Intisar alikiwasha, akayasoma yale maandishi, akakunja uso.

"Imekuwaje, Nuwara?"

Hapo ndipo Nuwara alipoteleza mara ya pili, na utelezi huu ulikuwa mbaya kuliko ule wa kwanza. Yeye ndiye mwalimu wa wenzake. Yeye ndiye aliyekuwa akiwacheka wengine. "Sijui, Mwalimu," alisema. "Ilikataa tangu mwanzo. Haikurekodi kitu."

"Si mnaona?" Badria wa dawati la mbele akadakia. "Ni ile kamera. Hanin, umeua wimbo wa watu."

"Mimi?" Hanin aligutuka. "Alhamisi si ilikuwa nzima? Nuwara mwenyewe aliikagua."

"Kadi ikitembezwa kwenye vyombo vingi huvurugika. Huo ugonjwa ulikuwa wako, umemwambukiza mwenzio."

Wachache wakacheka. Hanin hakucheka. Alimgeukia Nuwara, akingoja aseme lolote, japo mzaha. Nuwara akainama kufunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka.

Mwalimu aliinua mkono, wakanyamaza. "Hatumtafuti wa kumtupia lawama. Hanin, kutia kadi ya chama kwenye kamera ni kosa, na usirudie. Ila kama kadi hii haikurekodi kitu, basi hakuna cha kuokoa. Sauti zote za zamani ninazo kwenye kompyuta. Tuifute, tuiandae upya, tuendelee na kazi."

Akapeleka kidole kwenye kitufe cha Ndiyo.

Nuwara aliona mambo mawili kwa mara moja. Aliona macho ya Hanin yaliyokuwa yameanza kulengalenga, na akilini akamwona Wafaa akishuka ngazi na wanja wake uliotiririka, akienda Benghazi mikono mitupu. Alipofungua kinywa, sauti ilitoka wazi kuliko alivyotarajia.

"Mwalimu, usibonyeze. Nimesema uongo."

Kidole kikasimama hewani.

"Ilirekodi wimbo wote. Niliichomoa kadi mwenyewe, taa ikiwa bado inawaka. Bibi alikuwa ameshanyoosha mkono na wanaume walikuwa ngazini, nikaona aibu kumwambia asubiri. Hanin hahusiki hata kidogo."

Badria akaanza kupekua mkoba wake bila kutafuta kitu. Mwalimu Intisar alikizima kinasa sauti, akaitoa kadi, akaifungia kile kidude cha ubavuni ili kitu kingine kisiandikwe juu yake.

"Sasa umenipa pa kuanzia," alisema. "Tangu ulipoichomoa, umerekodi kitu kingine humu?"

"Hapana, Mwalimu."

"Ulipoulizwa ifutwe au isifutwe?"

"Nilibonyeza Hapana."

"Hapo ulitumia akili. Njooni mwone."

Aliichomeka kadi kwenye kompyuta yake, na kabla ya jambo lolote akatengeneza nakala yake nzima, ili kazi ifanyike kwenye nakala na kadi yenyewe isiguswe. Kisha akafungua programu ya kuokoa mafaili, akaielekeza kwenye ile nakala.

"Kinasa sauti huandika sauti kwanza," aliwaeleza. "Habari za faili, yaani linaanzia wapi na linaishia wapi, hukamilishwa mwisho, baada ya kubonyeza kusimamisha. Nuwara alipoichomoa kadi, sauti karibu yote ilikuwa imeshaingia, ila habari zake hazikumalizika. Ni kama nyumba zetu za mji wa kale. Watu wamo ndani, lakini mgeni akipita nje hauoni mlango. Hii programu inapapasa ukuta mpaka iupate."

"Na tungebonyeza Ndiyo?" Hanin aliuliza.

"Tungejiongezea kazi, na huenda tungeupoteza wimbo kabisa tukianza kurekodi mengine juu yake."

Programu ilipapasa polepole. Wengine walichoka kungoja wakaenda kunywa maji. Hanin alibaki, akajisogeza kando ya Nuwara bila kumtazama.

"Uliniacha nichomwe peke yangu," alisema.

"Najua. Nisamehe, Hanin."

Hanin akamgeukia sasa. "Nitakusamehe ukiniletea mayai ya hao kuku wasomi," alisema mwishowe. "Lakini usirudie. Iliniuma kweli."

Faili moja likajitokeza. Mwalimu alilitengeneza mwanzo wake, akavaa vipokea sauti vya masikioni, akasikiliza kidogo tu, kwa heshima ya wenye wimbo. Kisha akatabasamu, akamvisha Nuwara. Ilikuwa sauti ya Bibi Mabruka, nyembamba, isiyoyumba. Nuwara alisikiliza hadi mwisho. Ubeti wa mwisho ulikatika katikati, na baada ya hapo hapakuwa na kitu.

"Hicho kipande kilikuwa bado hakijaandikwa kwenye kadi ulipoichomoa, kwa hiyo hakipo popote," Mwalimu alisema kwa upole. "Utakwenda kumweleza Bibi yako mwenyewe?"

"Nitakwenda leo."

Alasiri, akiwa amebeba kinasa sauti chenye wimbo ulionakiliwa kwa ajili ya Wafaa pamoja na vipokea sauti vya Mwalimu, aliwakuta Bibi Mabruka na Wafaa wakinywa chai nzito yenye karanga juu. Hakuzunguka. Aliwaeleza yote, kadi, uongo, Hanin, na ubeti uliokatika. Wafaa alivaa vile vipokea sauti, akafumba macho, akasikiliza mpaka pale sauti ilipokoma.

"Kilichobaki ninacho," alisema akijigusa kifuani. "Nilikuwapo."

Nuwara alimgeukia Bibi, akingoja kukemewa. Bibi aliinywa chai yake mpaka zikabaki karanga tu.

"Mimi nilikuharakisha," alisema. "Ungeniambia, 'Bibi, ngoja taa izimike,' ningengoja. Nimengoja mengi maishani, taa ingenishinda? Heshima kwa mkubwa si kumnyima neno analohitaji kulijua."

"Ndiyo, Bibi."

"Na hilo la shuleni ndilo la kukumbuka zaidi. Kuichomoa kadi kulitupotezea nusu ubeti. Uongo ulikaribia kutupotezea wimbo wote, na rafiki juu yake. Kosa ni kama chungu kinachoanza kuungua jikoni, mjukuu wangu. Anayepiga kelele mapema huokoa chakula, hata kama yeye ndiye aliyesahau kukikoroga. Anayenyamaza hula majivu, na wenzake huyala pamoja naye." Akamsogezea birika. "Sasa nimiminie chai, halafu uniambie huyo Hanin anapenda mayai mangapi."