Ringi Nne za Akiba

Kila asubuhi, kabla zamu ya usiku haijakabidhi kazi, gari kubwa la zimamoto lilisogezwa mbele ya banda na milango yake yote ya ubavuni ikafunguliwa. Mipira ya maji, mashoka, mitalimbo, mitungi ya hewa, taa, makoti mazito na kofia ngumu, vyote vilihesabiwa kimoja kimoja. Dereva alishika ubao wa orodha na kusoma kwa sauti. Mzimamoto aliyesimama karibu na kitu kilichotajwa alijibu, "Ipo," au "Kipo," au "Zipo," na dereva akatia alama. Ila kituo kile kilikuwa na mwiko mmoja. Hakuna aliyejibu kwa kuangalia tu. Mtu alikigusa kitu kwa mkono kwanza, ndipo alipofungua mdomo.

Dereva wa gari hilo alikuwa mwanamke mrefu, mkavu wa maneno, na ndiye aliyeendesha pampu ya maji wakati wenzake wanapambana na moto. Siku za Jumamosi alikuja kazini na binti yake wa darasa la sita, kwa kuwa nyumbani hapakuwa na mtu wa kumwachia. Wazimamoto walimwita mtoto huyo Sisimizi. Jina alipewa na Kinyozi, mzimamoto aliyekuwa na kibanda cha kunyolea nywele kabla hajaingia kazi hii, na ambaye bado aliwanyoa wenzake bure nyuma ya kituo. Alisema hajapata kumwona mtoto yule amekaa, na kwamba siku akikaa apelekwe hospitali.

Jumamosi hiyo Sisimizi alihangaika kuliko kawaida. Alizunguka gari mara tatu. Alifunga kamba za viatu, akazifungua, akazifunga tena. Chini ya benchi la chumba cha redio alikuwa ameficha boksi, na ndani ya boksi mlikuwa na gari dogo la zimamoto alilolitengeneza mwenyewe kwa ajili ya maonyesho ya shule ya Jumatatu. Lilikuwa na ngazi ya njiti, mpira wa maji wa mrija wa soda, na magurudumu manne meusi yaliyokaa sawasawa kama ya dukani.

Magurudumu hayo ndiyo yaliyomkosesha raha. Wanafunzi wenzake hukata magurudumu kwenye ndala kuukuu. Yeye aliona ndala ni za watoto wadogo. Jana jioni, alipopitia kituoni kutoka shule kumsubiri mama yake amalize kazi, alifungua kopo la bati katika kabati la ubavuni mwa gari, akachukua ringi nne za mpira, nene, zenye upana wa mdomo wa kikombe. Alijua kazi ya ringi hizo. Mipira miwili ya maji inapounganishwa, ringi hukaa ndani ya kiungio ili maji yasivuje. Zile nne zilikuwa za akiba, zikingoja siku ambayo nyingine itapasuka. Katika Jumamosi zote alizofika pale, Sisimizi hakuwahi kuona hata moja ikitumika. Alijiambia atazirudisha Jumatatu jioni. Kisha akazigandisha kwa gundi.

Ukaguzi ulikwenda vizuri mpaka ulipofika kwenye kabati lile. Kinyozi, ambaye ndiye wa kujibu upande huo, alikuwa juu ya paa la gari akikaza kamba ya ngazi. Mama aliangalia saa, akaangalia juu, halafu akamwona binti yake amesimama pembeni.

"Sisimizi, nijibie hapo. Ringi nne za akiba?"

Sisimizi alifungua mlango wa kabati. Mkono wake ulitua juu ya kopo la bati, ukabaki hapo. Kopo hakulifungua.

"Zipo," alisema.

Mama akatia alama. Sisimizi akajifariji kwamba mkono wake umegusa, tena umegusa kweli. Lakini moyo haudanganyiki kirahisi hivyo.

Hazikupita dakika kumi kengele ikalia. Moto ulikuwa kwenye karakana ya seremala mtaa wa tatu kutoka pale, nayo ilikuwa imebanana na nyumba za watu. Wazimamoto waliingia kwenye buti na makoti wakiwa wanakimbia. Kinyozi alipita akimchezea Sisimizi nywele, akamwambia amlindie mkasi wake. Mama alirukia kwenye kiti chake. Akiwa kwenye usukani mama huwa hana mtoto wala mume, ana barabara tu. King'ora kikapaa, gari likatoka, banda likabaki tupu.

Kituoni walibaki watu watatu. Mwanamke wa redio, ambaye kila mtu alimwita Shangazi, alikuwa mbele ya simu ya upepo. Dereva wa boza la maji alikuwa uani akilijazia maji ya ziada kabla ya kulifuata gari kwenye moto. Huyu walimwita Kobe, ingawa mwenyewe alidai haendeshi polepole, ni wenzake wanaokurupuka. Wa tatu alikuwa Sisimizi, na kama angeweza kuwa mahali pengine popote angekuwa huko.

Aliingia chumba cha redio, akatoka. Alikwenda uani kuangalia maji yamefika wapi, akarudi. Akakaa juu ya benchi, akakumbuka kilichokuwa chini yake, akasimama. Shangazi alimwambia atulie, anamtia kizunguzungu, amefanana na kuku anayetafuta pa kutagia. Sisimizi hakucheka.

Redio ilikoroma, kisha sauti ya mama ikasikika, tulivu kama anaagiza sukari. Walikuwa wamefika. Karakana imeshika moto nusu, na nyuma yake kuna chumba ambacho seremala anaweka mitungi ya gesi. Wameunga mipira mitano. Kinyozi na mwenzake wanaingia ndani na maji.

Wanaingia ndani. Sisimizi aliyasikia maneno hayo yakizunguka kichwani. Mipira mitano ina viungio vinne, na ringi za viungio hivyo zilikuwa za siku nyingi. Wiki iliyopita alimsikia mama yake akilalamika kwamba zimeanza kukakamaa. Ringi moja ikiachia, maji yatapungua nguvu. Kinyozi atakuwa amesimama mbele ya moto, ameshika ncha ya shaba inayotoa maji ya kunawia mikono.

Labda haitaachia. Mbona haijawahi? Labda itaachia leo. Na akisema, mama yake atafukuzwa kazi? Shangazi atamtazama vipi? Na Kinyozi je? Uani, mngurumo wa pampu ya kujazia ulinyamaza. Boza lilikuwa limejaa. Mlango wake ukafungwa, injini ikawaka.

Sisimizi alijua kwamba boza likitoka, hakutakuwa na gari lingine la kwenda kule.

"Shangazi," alisema. "Ringi za akiba hazimo kwenye gari. Nilizichukua mimi. Nilisema zipo, lakini hazipo."

Shangazi aligeuka taratibu. Hakufoka. Alimuuliza jambo moja tu, zilipo sasa hivi, maana stoo imefungwa na mwenye funguo harudi mpaka Jumatatu. Sisimizi alikwisha kupiga magoti chini ya benchi. Alilivuta boksi, akalitoa gari lake, akaanza kung'oa magurudumu. La kwanza lilitoka na ubavu wa gari. La pili na la tatu yalitoka salama. La nne lilikuwa limeshika gundi vibaya. Alilivuta kwa nguvu zote, likachanika. Nyuma yake alimsikia Shangazi akiongea redioni, akimwamuru Kobe asubiri getini, kisha akimwambia mama neno kwa neno alichoambiwa.

"Nimesikia," mama alijibu. "Kobe azilete haraka."

Sisimizi alikimbia hadi getini na ringi tatu mkononi, akamrushia Kobe dirishani. Siku hiyo Kobe aliondoka kwa mwendo ambao mpaka leo watu wa kituo wanausimulia.

Kilichofuata Sisimizi alikisikia kwenye redio tu, akiwa amesimama, vidole vimejaa gundi. Mama alisema maji yanapungua, kiungio cha tatu kinavuja. Akawaagiza waliomo ndani watoke. Mtu mmoja akajibu kwamba Kinyozi yuko karibu na mitungi ya gesi, anasema akiacha kumwagia maji sasa hivi, nyumba za nyuma zitaruka pamoja nayo. Halafu redio ikabaki ikikoroma tu. Shangazi aliushika mkono wa Sisimizi, na wote wawili wakaangalia kile kisanduku cha redio kana kwamba wanaona ndani yake.

Hatimaye sauti ya mama ilirudi. Boza limefika. Wamefunga maji kwa sekunde chache tu, wamebadilisha ringi, maji yamerudi. Baada ya robo saa nyingine akasema moto umedhibitiwa na watu wote wako nje salama. Sisimizi alilia hapo hapo bila kujificha. Shangazi akamwacha alie, akaenda kuchemsha chai.

Magari yalirudi saa sita mchana. Kinyozi alishuka akiwa mweusi kwa moshi, nyusi za upande mmoja zimebabuka. Alikwenda moja kwa moja hadi kwa Sisimizi, naye akaangalia chini.

"Nisamehe, mjomba," alisema.

"Nimezima moto miaka tisa," Kinyozi alisema, "ila leo ndiyo mara ya kwanza nimeokolewa na gurudumu la gari la kuchezea. Tena lina gundi." Hakuendelea na mzaha. Aliketi kwenye ngazi ya gari, akaomba maji ya kunywa.

Mama alizima injini, akavua glavu, akamwita binti yake pembeni mwa gari. Hakumpigia kelele, na Sisimizi angependa apigiwe.

"Kuchukua kitu cha watu bila ruhusa ni kosa, na hilo utalilipa kwa kusafisha mipira hii yote leo," alisema. "Lakini lililotaka kumuua mjomba wako si kuchukua. Ni lile neno lako. Yeye hakufungua kopo. Alisikia umesema zipo, akaliamini, akaingia motoni. Watu wote wa kazi hii wanaishi kwa maneno ya wenzao, mwanangu. Na mimi nina kosa langu, nilikupa kazi ya kujibu isiyokuwa yako kwa sababu nilikuwa na haraka. Hilo nitaliandika kwenye ripoti, na jina langu chini yake."

Sisimizi aliitikia kwa kichwa, machozi yakimtiririka.

"Na jambo la tatu," mama alisema, sauti ikilegea kidogo. "Ungengoja dakika tano kwa kuona haya, boza lingekuwa limeshaondoka. Ukweli uliniuma kuusikia, lakini ulifika mapema. Ukikosea tena, na utakosea, useme mapema hivyo hivyo."

Katika kituo kile gari halirudishwi bandani baada ya moto mpaka lihesabiwe upya. Mama alichukua ubao. Mipira ya maji, ipo. Mashoka, yapo. Mitungi ya hewa, ipo. Alipofika kwenye kabati la ubavuni, Kinyozi alinyanyuka kujibu, kisha akasita, akampisha Sisimizi na kusimama nyuma yake.

"Ringi nne za akiba?"

Safari hii Sisimizi alilitoa kopo, akalifungua kifuniko, akaingiza mkono. Alizigusa moja moja, gundi ikiwa bado inanata pembeni.

"Mbili zipo," alisema kwa sauti ya kusikika na kila mtu. "Mbili hazipo."

Mama aliandika kama alivyoambiwa.