Draiva ya Tatu

Mama mwenye nyumba alikuwa jikoni anamenya vitunguu aliposikia, kwenye rekodi ya wimbo wake mwenyewe iliyokuwa ikilia chumbani, mtu akivuta pumzi mahali ambapo yeye hakupumua. Ubeti ule aliuimba wote kwa pumzi moja. Ndiyo iliyompa sifa harusini.

"Mume wangu! Hiyo pumzi ya nani?"

"Ya draiva," mumewe alijibu kutoka chumbani, bila hata kugeuza shingo.

Mtaani mume huyu walimwita Masikio, wala hayakuwa makubwa. Kazi yake ilikuwa kurekodi na kusafisha nyimbo za watu kwenye kompyuta, na ugonjwa wake ulikuwa madraiva. Draiva, kwa asiyejua, ni kijiprogramu kinachotoa muziki ndani ya kompyuta na kuufikisha kwenye spika. Wewe na mimi tunabonyeza, ngoma inalia, tunacheza. Masikio hapana! Hii inameza besi, ile inakwaruza, nyingine inafanya mwimbaji asikike kama yuko ndani ya ndoo. Anafuta, anapakua, anaweka, anazima, anawasha, anasonya. Wiki nzima nyumba inasikia ubeti ule ule, ukipika unao, ukioga unao. Ungekuwa wewe ungeshahama.

Na wimbo haukuwa wa mtu baki. Mkewe aliishi kwa koo lake, na wimbo huu ndio waliotegemea umtoe kwenye harusi za watu umfikishe redioni. Ulikuwa umeshakamilika. Masikio alikataa kuukabidhi mpaka ajue kama anachosikia ni sauti ya mkewe au ni uongo wa mashine.

"Njoo unisaidie," alimwita. "Mimi nakupa mgongo. Wewe badilisha draiva, ya kwanza au ya pili, usiniambie ipi. Nachagua kwa kusikia tu." Mafundi wa sauti hufanya hivyo ili macho yasiwadanganye.

"Na chakula?"

"Kitasubiri."

"Na njaa nayo umeiambia isubiri?"

Lakini alikuja. Alibonyeza, akabonyeza tena, na mumewe akawa anaguna: hii imepooza, hii inakwaruza, tena, ebo, tena! Mwishowe mwanamke alichoka, akarudi zake mlangoni. Hapo ndipo ubeti ulipolia upya, safi mpaka mate yalisikika yakimezwa, na nyuma ya sauti ile pumzi, karibu, kama mtu aliyesimama kisogoni.

"Hiyo!" Masikio aliruka. "Hiyo ya tatu! Usiiguse!"

"Ya tatu ipi?" mkewe alinong'ona. "Umeniwekea mbili. Na mimi niko huku mlangoni."

Masikio aligeuka. Chini ya majina mawili kwenye skrini palikuwa na mstari wa tatu, mtupu, usio na jina, na alama ya kuchaguliwa ilikuwa hapo. Mwenye akili angechomoa waya. Masikio, kwa furaha yake, alisema maneno ambayo hayasemwi kwa usichokijua:

"Umeshinda. Kaa."

Chumba kikajaa harufu ya marashi yaliyochacha na waya ulioungua. Kesho yake mkewe aliamka sauti imekauka.

"Mafua hayo," alisema Masikio.

"Si mafua. Ukiucheza wimbo, kuna kitu kinanivuta uzi kooni. Naomba uzime."

"Mara moja tu, ya mwisho."

Mara ya mwisho, kila mara! Na kila wimbo ulipolia, sauti ya spika ilinawiri na ya mkewe ikapungua, mpaka akabaki wa kuonyesha kwa vidole, na hapo ndipo mume alipoamka, akaufuta ule mstari ukarudi, akaufuta tena ukarudi, akazima kompyuta, akang'oa spika, akazitupa uani, akarudi ndani akitweta na kutukana, na kwenye chumba kisicho na chombo hata kimoja chenye umeme akaisikia ile pumzi ikivutwa taratibu, taratibu, kama ya mtu anayejiandaa kuimba.

Dada yake Masikio ndiye aliyemleta mtaalamu wa pepo, mama wa makamo mwenye haraka zake, aliyekataa hata kukaa.

"Nani alimkaribisha?"

"Sikumkaribisha. Nilikuwa nalinganisha tu."

"Ukamwambia nini?"

Masikio aliangalia chini. "Kwamba ameshinda. Akae."

"Basi mfukuze wewe mwenyewe. Mwambie ile draiva mbovu ni bora kuliko yeye. Na umaanishe."

"Ile inayokwaruza?"

"We kaka!" dada yake alifoka. "Mkeo anakuwa bubu, wewe bado unachagua?"

Alisema. Alisema kwa kelele, machozi yakimtoka, na kwa mdomo wake wote. Moyoni, Mungu anisamehe kumsema, alijua ni uongo. Pumzi ikakatika ghafla. Harufu ikaisha. Mtaalamu hakuridhika, akachukua mkoba wake akaondoka na dada.

Wakabaki wawili. Mkewe alifungua mdomo.

"Asante, mume wangu."

Masikio alipiga magoti kwa furaha. Sauti imerudi! Tena nzuri kuliko zamani, haina hata kikwaruzo. Kisha akaona. Midomo ya mkewe ilikuwa imetangulia na maneno yakaja nyuma, kidogo sana, uchelewaji ambao fundi yeyote wa sauti anaujua mashine inapoburuta. Mdomo ulikuwa umeshafungwa. Sauti ilikuwa bado inamalizia.

Mwanamke alimshika mkono kwa nguvu, akatikisa kichwa, machozi yakimlengalenga.

Masikio alifumba macho ili asikie vizuri zaidi.

"Hebu rudia," alisema.